Ndege Iliyovaa Nguo

Fundi Idarusi bin Uweso alikuwa amepiga goti moja mbele ya karani wa bandari, anampima urefu wa suruali, pale mlio ulipopita juu ya mabati ya mtaa wa Ngamiani. Chaki ikamponyoka. Aliinua uso, akabaki hivyo hivyo na utepe mkononi.

Haikuwa ile ndege ya abiria waliyoizoea watu wa Tanga, yenye kuvuma polepole na kwa adabu. Huu ulikuwa mlio wa injini moja, nzito, yenye hasira, uliokuja kwa kishindo ukapita kabla masikio hayajakaa sawa. Na ndani yake mlikuwa na kikohozi.

"Vipi, fundi?" karani aliuliza.

"Njoo kesho, bwana," Idarusi akasema, huku tayari anayatafuta makubadhi yake kwa miguu. "Niwie radhi. Njoo kesho."

Mkewe, Mastura, alichungulia mlangoni akamwona anaiparamia baiskeli. "Unakwenda wapi na utepe shingoni?"

"Kiwanja cha ndege."

"Una mgeni?"

Alikuwa ameshaondoka. Mlio ule mara ya mwisho aliusikia miaka minane nyuma, mwaka wa 1944, katika bonde la Kabaw huko Burma. Siku hizo alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na mlio ulimkuta amelala kifudifudi katika tope, bunduki imejaa matope na kinywa kimejaa dua. Mjapani alikuwa juu ya kilima, ndani ya handaki lililoezekwa magogo, na bunduki yake ya bombomu ilifyeka kila kilichoinuka kupita kisigino. Walilala pale tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Ubavuni pake alilala Safari, kijana wa Kigombe, ambaye walijiandikisha jeshini siku moja na kupanda meli moja.

Ndipo zikatokea ndege nne, chini kabisa, zinapangusa vilele vya miti. Wazungu waliziita Hariken. Ziliangusha mabomu kilimani, zikageuka, zikarudi, zikapiga tena. Ardhi ilipoacha kutetemeka, bombomu ilikuwa kimya. Wengi wa wale waliolala topeni waliinuka wakatembea. Safari alibebwa. Kipande cha chuma kilikuwa kimempitia usoni, na tangu saa hiyo hakuona tena.

Basi Idarusi alikanyaga baiskeli kama mtu anayekimbizwa, nje ya mji, mpaka mashamba ya mkonge yalipoanza, na hapo akaona umati umeshajipanga kwenye uzio wa kiwanja.

Aliyekuwa anawazuia watu alikuwa Methusela, Mbondei wa Magila, mtu mrefu mwenye kazi ya kujaza ndege mafuta, na mwenye Kiingereza cha misheni kilichonyooka. Alimfahamu Idarusi kwa kuwa ndiye aliyemshonea suti ya harusi.

"Rudi nyuma, fundi. Amri ya mkubwa wa kiwanja. Bomba la maji ya injini limepasuka, rubani akashuka na mvuke mweupe unamfuka tumboni. Upepo ukamsukuma ubavuni, ndege ikaacha njia ikaingia kwenye mkonge. Tumeisukuma sasa hivi."

"Bwana Methusela," Idarusi akasema, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni, "ile ni Hariken."

Methusela akamtazama. "Umejuaje? Hata mkubwa hakuijua mpaka aliposoma makaratasi."

"Naijua."

Labda kwa namna alivyolitamka neno hilo, labda kwa ile suti ya harusi, Methusela alitazama huku na huku, kisha akasogea hatua moja pembeni. Idarusi akapita.

Ilikuwa imesimama kwenye kokoto, pua imeinuliwa juu, mkia umekaa chini, kama mnyama aliyechutama. Idarusi alizikumbuka zile nne kwa ukubwa usio na kipimo, maana mtu aliyelala kifudifudi kila kitu kwake ni kikubwa. Sasa aliona kuwa haikuzidi sana urefu wa malori mawili. Hilo halikuipunguza. Lilimshangaza zaidi, kwamba kishindo chote kile, kile kilichong'oa kilima, kilitoka katika kitu ambacho angeweza kukizunguka kwa hatua arobaini. Akakizunguka. Mapanga matatu ya mbele, kila moja refu kama mwanamume. Mabawa manene, yaliyotokeza kwenye mabega yake bila haya. Akapita nyuma ya bawa, na hapo akasimama.

Mkonge ulikuwa umeichana. Tangu nyuma ya kiti cha rubani kuelekea mkiani, miiba ya mkonge ilikuwa imepitisha mistari mirefu mitatu, na kando ya mistari hiyo kitu kilikuwa kinapepea kwa upepo.

Idarusi akainama. Akaona nyuzi. Zilizokwenda na zilizokatiza, zimesokotwa vizuri, zimekatika kwa jino la mkonge.

"Nguo," akasema peke yake. "Ya rabi, ni nguo!"

Miaka minane aliamini kuwa ile ilikuwa chuma kitupu. Alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba ilikuwa chuma. Na sasa alikuwa anatazama kitambaa cha kitani, kimepakwa rangi, kimetandazwa juu ya vijiti vyembamba vya mbao, na ndani ya vijiti mabomba ya chuma yamefungamana, na ndani ya mabomba hamna kitu ila giza na harufu ya mafuta. Mshono ulikuwa ule ule anaoujua. Kazi yake mwenyewe ilikuwa imepita juu ya kichwa chake siku ile, na hakuijua.

Mzungu mfupi alikuwa amechuchumaa kwenye mpasuko wa chini, anajaribu kurudisha kitambaa mahali pake. Nusu ya uso wake ilikuwa laini na inang'aa kuliko nusu ya pili. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, havinyooki, na kila alipokibana kitambaa kilimtoroka.

"Usivute hivyo, bwana," Idarusi akasema kabla hajafikiri. "Unazidi kuichana."

Methusela, aliyekuwa amemfuata nyuma, akafasiri. Mzungu aligeuka, akamtazama Idarusi usoni, akautazama utepe shingoni, na akasema maneno machache.

"Anaitwa Bwana Penrozi," Methusela akafasiri. "Anauliza, wewe ni mshonaji?"

"Mwambie ndiyo."

"Anasema mikono yake haishiki sindano tena. Anasema onyesha."

Bwana Penrozi akatoa kisanduku cha bati chini ya kiti chake. Mlikuwa na sindano, nyingine zimepinda kama kucha za paka, na uzi wa kitani. Idarusi alikaa juu ya debe akashona vipande viwili vya kitambaa, mshono wa kukutanisha kingo, unaoingia huku na kutokea kule. Alishona upesi na kwa madaha, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama. Mzungu akauchukua, akauvuta mara moja tu, mshono ukafunua meno.

"Anasema huo ni wa mto wa kulalia," Methusela akasema, na hakuficha kwamba amefurahi kidogo. "Mishono minane kila inchi. Na kila inchi kadhaa funga fundo, ili uzi ukikatika mahali pamoja, pengine pasifumuke. Anasema huko juu upepo unavuta kwa nguvu ya watu kumi, na haupumziki."

Idarusi aliona uso unamchoma. Miaka ishirini na mbili ya kazi, hakuna mtu aliyemrudishia mshono. Akachukua kipande kingine, akatega mgongo kwa watu, akashona taratibu, anahesabu moyoni. Mara hii Mzungu alivuta kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kitambaa kilitanuka. Mshono haukusema neno.

Bwana Penrozi akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha ule mkono wake uliokunjamana, na Idarusi akaupokea.

Kitambaa, dawa ya kukikazia na bomba jipya viliagizwa Nairobi, vikaja Alhamisi kwa ndege ya abiria. Siku hizo mbili za kungoja, Mastura alikaa barazani na donge la nta ya nyuki, anaupitisha uzi ndani yake pima kwa pima.

"Na mtu ataruka kwa uzi huu?" aliuliza.

"Ataruka."

Mastura aliunyanyua uzi kwenye mwanga, akautazama, kisha akaurudia wote upya tangu mwanzo.

Alhamisi asubuhi Idarusi alianza kazi, amekaa chini ya tumbo la ndege. Ilikuwa ajabu jinsi kile kitu kilivyomkubali. Alipoingiza mkono ndani kupokea sindano, aligusa vile vijiti vya mbao, vimeinama kila kimoja kwa mwinamo wake, na akafahamu kwamba kuna seremala mahali fulani aliyevipiga randa huku anawaza upepo. Bwana Penrozi alikaa pembeni juu ya sanduku, anaelekeza, na kila Methusela alipokuwa hana kazi alikuja kufasiri. Mzungu yule hakuwa msemaji. Lakini alipomwona Idarusi anapapasa vijiti kama mtu anayepapasa shavu la mtoto, ulimi ukamfunguka.

"Anasema babu wa ndege hii alikuwa na mabawa mawili juu na mawili chini," Methusela akafasiri, "na alivikwa kitambaa mwili mzima. Bwana Penrozi mwenyewe alianza kazi ana miaka kumi na sita, anashona mabawa ya ndege hizo. Urubani ulikuja baadaye. Ndipo wakubwa wakataka ndege ya vita yenye bawa moja tu kila ubavu, magurudumu yakunjwe ndani ikiruka, na bunduki nane badala ya mbili. Lakini mafundi walichojua ni kuunga mabomba na kushona. Kwa hiyo wakachukua mifupa ya yule babu, wakampa mjukuu bawa jipya na injini kubwa. Mbele bati, nyuma nguo. Za kwanza kabisa hata mabawa yalikuwa ya kitambaa."

"Na wadogo zake?"

"Bati tupu, mpaka mkiani. Wadogo zake wana kasi mno, nguo ingewavuka. Na sasa, anasema, zimekuja ndege zisizo na mapanga kabisa, zinasukumwa na moto. Ukoo huu umefika ukingoni. Ndiyo maana ameinunua hii kule kusini, na anataka kuipeleka kwao kabla hawajaikatakata kuuza vyuma."

Idarusi alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Muulize, ilikuwa na mbio kuliko zote?"

Bwana Penrozi alicheka aliposikia swali, na ile nusu ya uso iliyong'aa haikucheka pamoja na mwenzake.

"Anasema hata kidogo. Ndege ya Mjerumani iliishinda kwa mbio na kwa kupanda juu. Ndugu yake Hariken, anayeitwa Spitfaya, alikuwa mzuri wa sura na mwepesi, ndiye aliyepata sifa. Lakini mwaka wa arobaini, vita vilipokuwa juu ya paa za nyumba za kwao, Hariken ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za adui. Kwa nini? Kwanza zilikuwa nyingi. Tena ilikuwa imetulia, bunduki zote nane zikilia haitikisiki. Inageuka kwenye duara dogo. Na haifi upesi. Risasi ya mzinga ikipiga bati, hulipuka. Ikipiga kitambaa, mara nyingi hupita tu, ikaingia huku ikatokea kule. Alikuwa anatua na matundu mwili mzima, mafundi wanabandika viraka, naye chai haijapoa anaruka tena."

Idarusi akautazama mshono wake. Akaiweka sindano chini.

"Na Mjapani je?"

Bwana Penrozi hakupigana huko, lakini alikuwa na wenzake waliopigana. Ndege ya Mjapani, alisema, ilikuwa nyepesi kupita kiasi, ikizunguka Hariken kwa ndani. Marubani wengi waliojaribu kushindana nayo kwa kuzunguka hawakurudi. Waliobaki wakajifunza kushuka kwa kasi kutoka juu, kupiga mara moja, na kwenda zao. Kisha ndege mpya zilipofika, Hariken ikapewa kazi nyingine, maana lile bawa nene lilibeba bomu kila upande bila kulalamika. Ikawa inakwenda chini, juu ya miti, kupiga mahandaki.

"Najua," Idarusi akasema. Methusela hakulifasiri neno hilo.

Halafu Bwana Penrozi, bila kuulizwa, akapiga kwa kifundo cha mkono mahali palipo mbele ya kiti cha rubani, akasema sentensi moja. Methusela alichelewa kuifasiri.

"Anasema moja ya matangi ya mafuta liko hapo. Likishika moto, moto unamjia rubani usoni na mikononi. Anasema ndege ya aina hii ilimwokoa mara nyingi, na siku moja ilimuunguza."

Ijumaa Idarusi alimaliza mshono wa mwisho kabla ya adhana, akaenda kusali, na aliporudi wakaanza kupaka dawa. Ilinuka ndizi mbivu na ikaumiza kichwa. Walipaka mkono wa kwanza, wakangoja, wakabandika tepe za kitambaa juu ya mishono, wakapaka tena. Na hapo Idarusi aliona jambo ambalo ufundi wake wote haukuwa umemwonyesha: kitambaa kilichokuwa kimelegea kilianza kujikaza chenyewe, polepole, mikunjo ikatoweka mmoja mmoja, mpaka kikawambika kama ngozi ya ngoma. Akagonga kwa ncha ya kidole. *Du*, kikaitikia mwili mzima.

"Anauliza utamtoza kiasi gani," Methusela akasema.

"Fedha nitachukua, nina watoto. Lakini nina ombi juu yake." Idarusi alisita. "Nina ndugu yangu Kigombe. Haoni. Nataka aiguse."

Bwana Penrozi alisikiliza. Aliuliza swali moja tu, huyo ndugu alipatia wapi upofu, na alipojibiwa akatazama mkonge kwa muda. Akasema ataondoka Jumapili asubuhi, na hatawasha injini kabla huyo mtu hajafika.

Jumamosi Idarusi alipanda lori la mkonge mpaka Kigombe. Safari alikuwa nyuma ya nyumba, anatengeneza nyavu, kazi aliyojifunza akiwa kipofu na aliyoifanya vizuri kuliko wenye macho. Mlangoni alikaa mama yake, Bi Tabia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mastura hajambo? Watoto?"

"Wote hawajambo, mama." Naye akaeleza alichokuja nacho. Bi Tabia alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukafungwa.

"Mimi nilitoa mtoto mwenye macho mawili," akasema. "Kitu hicho ndicho kilichokuwa juu yake siku hiyo. Nawe unakuja kunichukulia umrudishe kwenye mdomo wake? Akakisikie kinanguruma? Mwaka mzima wa kwanza, radi ikipiga alijificha chini ya kitanda. Wewe ulikuwa Tanga, unashona. Mimi ndiye niliyekaa naye chini ya kitanda."

Idarusi aliinamisha kichwa, akawa tayari kuaga.

"Mama." Safari alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba, uzi wa nyavu bado mkononi. "Nitakwenda."

"Kufanya nini, Safari?"

"Mama, kile ndicho kitu cha mwisho nilichokiona. Nataka kujua kama nilikiona sawasawa."

Bi Tabia aliingia ndani, akatoka na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akamvika mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, kifungo baada ya kifungo.

Njiani, wamekaa mbele karibu na dereva, mkonge unapita huku na huku, Idarusi aliona kwamba kama hakulisema sasa hatalisema milele.

"Safari. Siku ile topeni, wewe ulikuwa umelaza uso. Mimi ndiye niliyekwambia inua kichwa. Nilikwambia, tazama, tazama, zimekuja. Ukainua."

"Nakumbuka."

"Kama nisingesema..."

"Unadhani sijui?" Safari akageuza uso kuelekea sauti yake. "Miaka minane unaniletea sukari na mchele, unakaa nusu saa, unakimbia. Nikajua kuna kitu kimekukaa kooni. Sikiliza, yakhe. Kama usingeniambia, kitu cha mwisho nilichokiona duniani kingekuwa tope. Ulinipa ndege nne."

Idarusi aligeukia dirishani. Dereva naye alijifanya anashughulika na gia.

Jumapili asubuhi kiwanjani, Bwana Penrozi alimshika Safari mkono akampeleka mwenyewe. Walianza kwenye panga. Safari alilipanda kwa viganja kutoka shina mpaka akafika mwisho wa mikono yake, na panga lilikuwa bado linaendelea. Akacheka kwa mshangao. Akapapasa pua, mabomba ya moshi yaliyopangwa ubavuni, akashuka kwenye bawa, akalipima unene kwa mikono miwili. Kwenye ukingo wa mbele vidole vyake vikasimama.

"Hapa kuna viraka. Vinne. Vidogo."

"Midomo ya bunduki," Methusela akafasiri. "Zilitolewa zamani. Nne huku, nne kule. Anasema vitani walikuwa wanabandika kitambaa juu ya kila tundu, vumbi na baridi visiingie. Bunduki zikilia, viraka vinapasuka, na ndege inarudi nyumbani inapiga mluzi kwa upepo wa matundu. Kwa hiyo mafundi waliokuwa chini walijua kabla haijatua kwamba imepigana."

"Kwa kusikia tu?" Safari akauliza.

"Kwa kusikia tu."

Safari akaganda hapo, mkono juu ya viraka, na ilionekana kwamba jambo hilo limemwingia kuliko mengine yote. Kisha akaendelea. Akapita chini ya bawa, akakaa kitako kwenye kokoto bila kujali kanzu, akainua mikono yote miwili kulipokea tumbo la ndege juu ya kichwa chake. Alipapasa kikapu cha kupozea maji ya injini kilichoning'inia katikati. Akapapasa mashimo mawili yanamokunjwa magurudumu.

"Ndiyo," akasema polepole. "Ndiyo. Hivi. Hiki kilikuwa hapa katikati, na haya mawili yalikuwa yamefungwa, na mabawa yalikuwa na duara huku na huku, jekundu halimo, maana hilo la Mjapani." Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye macho yasiyofanya kazi nyingine tena. "Niliiona sawasawa, Idarusi. Sikuiota."

Bwana Penrozi, ambaye hakuwa amefasiriwa neno, alivua kofia.

Mwisho Safari alifika pale bati linapokwisha na nguo inapoanza. Alisita, akarudi, akapita tena. Akagonga. *Du.*

"Ni nini hiki?"

"Kitani," Idarusi akasema. "Nimekishona mimi. Mastura amepaka uzi nta."

Safari aliufuata mshono kwa kidole, kutoka mwanzo mpaka mkiani, asiruke hata fundo moja. Alipomaliza alilaza shavu lake kwenye kitambaa, akafumba macho.

Saa tatu injini iliwaka. Ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, kisha ikashika, na hewa yote ya kiwanja ikajaa. Idarusi alimshika Safari bega, akihofia. Bega halikutetemeka. Ndege ilikimbia kwenye kokoto, mkia ukainuka, magurudumu yakaachana na ardhi, na ule mshono wa Ngamiani ukapanda angani juu ya mkonge. Idarusi alijikuta anahesabu mishono minane minane, midomo inacheza, kama anayesoma uradi.

Bwana Penrozi alizunguka kwa mbali upande wa milima ya Usambara, akarudi. Alikuja chini, chini sana, sambamba na uzio, na watu wakajitupa majanini wakipiga kelele. Wawili tu ndio waliobaki wima. Kabla ya kuruka, Mzungu alikuwa amechana kwa kisu viraka vya bunduki, na ndege ilipowapita kanzu zao zikawabana miilini, na ndani ya ngurumo ukapita mluzi mwembamba, mrefu, wa matundu manane.

Safari alikuwa ameinua uso wake wote juu.

"Imepigana," akasema.

Hawakupata tena habari zake. Methusela alisikia kwamba ilijaza mafuta Mombasa ikaendelea kaskazini. Zaidi ya hapo hakujua mtu.

Adhuhuri hiyo walikula kwa Idarusi. Mastura alikuwa amepika pilau, akaweka sinia katikati, na kabla hawajaanza Safari akawa ameshaanza kusimulia: urefu wa panga, baridi ya bati, mahali mafuta yalipochuruzika na kukauka, vijiti vilivyoonekana chini ya kitambaa kama mbavu za mbuzi. Mengine Idarusi, aliyekaa chini ya ndege ile siku mbili nzima, hakuwa ameyaona. Mastura aliacha kupakua, mwiko ukabaki hewani.

"Na rangi yake?" akauliza.

"Hiyo, shemeji," Safari akasema, huku anacheka, "muulize mumeo."

Idarusi akanawa mikono, akaikausha, akaanza kueleza. Alianza na kijani cha juu, na ile ya udongo iliyopitana nayo, na jinsi zilivyobadilika jua lilipozipiga ubavuni, na Safari akawa anauliza, na yeye anajibu, na pilau ikapoa mbele yao.